Thumuni Tatu au Humusi Mbili? Kulinganisha Sehemu Zenye Asili Tofauti

Katika uwanda wa Kyela, ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumimina maji yake katika Ziwa Nyasa, mpunga hustawi sana. Ichukuliwe kwamba mkulima mmoja atafuta shamba la kukodi huko, na kodi italipwa kwa mpunga. Mwenye shamba la kwanza ataka thumuni tatu za mavuno, yaani 3/8. Mwenye shamba la pili ataka humusi mbili, yaani 2/5. Ni yupi atakaye zaidi?

Jicho hudanganyika upesi. Tatu ni kubwa kuliko mbili, na nane ni kubwa kuliko tano. Kwa hiyo wengi hudhani kuwa 3/8 ndiyo kubwa. Lakini namba ya chini, yaani asili, haihesabu vipande vilivyochukuliwa. Hueleza kitu kizima kimekatwa mara ngapi. Kadiri asili inavyozidi, ndivyo kila kipande kinavyopungua. Thumuni ni ndogo kuliko humusi, na vipande visivyo sawa havilinganishwi kwa kuhesabiwa tu, kama vile madebe matatu hayawezi kuitwa mengi kuliko magunia mawili.

Sharti vipande vyote vikatwe kwa kipimo kimoja. Hutafutwa kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 5, nacho ni 40. Kila thumuni ina vipande 5 vya namna hiyo, hivyo 3/8 ni 15/40. Kila humusi ina vipande 8, hivyo 2/5 ni 16/40. Mwenye shamba la pili ndiye atakaye zaidi, kwa 1/40. Mavuno yakiwa magunia 40, tofauti ni gunia zima, nalo si haba kwa nyumba yenye watoto. Njia ya mkato ya kuzidisha kimshazari, 3 × 5 na 2 × 8, ni hesabu ile ile. Asili 40 imefichwa tu.

Hata hivyo, ulinganisho huo ni wa haki ikiwa kitu kizima ni kimoja. Sarafu ya senti 50 iliitwa thumuni, ingawa ni nusu ya shilingi, kwa kuwa jina hilo halikupimwa kwa shilingi. Mashamba nayo ni hivyo. La kwanza likitoa magunia 40, mkulima hulipa 15 na kubakiwa na 25. La pili, lililo karibu na mto na lenye rutuba zaidi, likitoa 50, hulipa 20 na kubakiwa na 30: kodi iliyo nzito ndiyo iliyomwachia chakula kingi. Lakini mto ukifurika, na shamba hilo likatoa magunia 30 tu, hubakiwa na 18.