Maskati kwa Miguu: Somo kwa Wanaokwenda Omani

Kila mwaka kuna wenzetu wanaopata nafasi ya kwenda Omani, na maswali wanayoniuliza ni yale yale: nguo gani, hela ngapi. Mimi nasoma jiografia na nimekaa Maskati muhula mmoja, kwa hiyo jibu langu la kwanza ni viatu. Beba raba zenye soli nzuri. Ndala ziache chumbani.

Maana Maskati si mji wa tambarare. Ni vibonde vilivyobanwa kati ya bahari na milima mikavu, na kabla ya barabara ya ufukweni kujengwa, mtu alitoka mtaa mmoja kwenda mwingine kwa kupanda mlima au kwa mashua. Njia mojawapo ya zamani bado ipo. Inaanzia Riyam, karibu na kile chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa kilimani, inapanda ngazi za mawe, kisha inateremka korongoni hadi nyuma ya nyumba za Mutrah. Wameipa namba, C38. Ni kama kilomita 2.5 tu, ila usidanganyike: ni mawe matupu, itakuchukua saa moja na nusu au mbili. Fuata alama za njano, nyeupe na nyekundu zilizopakwa kwenye miamba. Ukitembea dakika kadhaa bila kuona alama, rudi pale ulipoiona ya mwisho. Usibuni njia ya mkato.

Hayo mawe ya kahawia iliyoiva unayoyakanyaga yalikuwa chini ya sakafu ya bahari, kisha mabamba ya dunia yaliposukumana yakapandishwa nchi kavu. Wanajiolojia husafiri kutoka mbali kuja kuyaona, na wewe unayapata bure! Tatizo ni kwamba hayana kivuli na yanashika joto. Nenda kati ya Novemba na Machi. Juni na Julai joto hupita nyuzi 40, na hapo nasema wazi: usipande. Hata miezi ya baridi anza saa 1 asubuhi, na kila mtu abebe lita 2 za maji, sio chupa moja ya kugawana.

Kuna hatari nyingine ambayo sisi wa nchi za mvua tunaidharau. Korongo kavu, wenyewe wanaliita wadi, linaweza kujaa maji ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali huko milimani, hali juu yako jua linawaka. Ukisikia habari ya mvua, ahirisha. Usijadiliane na rafiki mwenye kiu ya picha.

Ukishuka Mutrah, ingia sokoni: ubani, haluwa, fedha za kizamani. Chenji utapewa kwa baisa, 1,000 kwa riali moja. Ni ndugu wa neno letu pesa. Halafu tembea kandokando ya bahari hadi mji mkongwe, uzitazame ngome za Mirani na Jalali. Wareno waliuteka mji mwaka 1507, wakafukuzwa 1650. Waomani hawakuishia hapo, mwaka 1698 wakawatoa na Fort Jesus, Mombasa. Aliyewahi kufika Mombasa ataziangalia hizi kuta kwa jicho jingine.

Kiswahili utakisikia, tena cha Unguja hasa, kwa wazee. Amkia: shikamoo. Lakini twende taratibu. Wengine familia zao zilihama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na historia yetu ya pamoja ina biashara ya utumwa ndani yake. Usimgeuze mzee wa watu kuwa mahojiano ya tasnifu yako. Akitaka kusimulia atasimulia, na kahawa atakumiminia.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos upo mbali na hapo, panda basi. Wasio Waislamu huingia Jumamosi hadi Alhamisi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, dada zangu na mtandio kichwani. Kwa hiyo usiuchanganye na mlima siku moja. Asubuhi ni moja tu.