Adui wa Gari ni Chumvi

Sisi wa Diani na Msambweni twaupenda upepo wa bahari, lakini gari haliupendi. Upepo huo huleta chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu, chuma huliwa na kutu upesi. Teksi ya mjomba, ambayo ndiyo karo yangu, ilitoboka chini ya madigadi. Fundi alipotia kiraka, nikajifunza kuiosha hivi:

Kwanza, weka gari kivulini, maana juani sabuni hukauka na kuacha madoa. Pili, limwagie maji matamu, si ya kisima cha chumvi, mchanga utoke usije ukakwaruza rangi. Usisahau chini ya gari na ndani ya madigadi. Huko ndiko chumvi hujificha. Tatu, osha toka juu kushuka chini kwa sabuni ya gari. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Nne, suuza, kausha, kisha paka nta kidogo tu na uisugue kwa kitambaa laini mpaka ing'are. Nta huikinga rangi.

Mwanzoni mjomba alinicheka. Siku hizi huniuliza, "Mpwa wangu, ndoo ziko wapi?" Usipoziba ufa, utajenga ukuta.