Somo la Mtumbwi: Maji ya Ziwa Letu Huingia Wapi na Hutoka Wapi

Tangu maji ya ziwa yalipoanza kupanda katika miaka ya karibuni, yakaingia katika nyumba na sehemu za biashara zilizo kandokando ya mialo, wakazi wengi wa kata za ufukoni wamekuwa wakiuliza kama jambo hili ni geni. Si geni. Jawabu lake limo katika safari za mitumbwi zilizoanzia Ujiji katika karne ya 19, ambazo wengi wetu tulizisoma shuleni kama habari za Wazungu wawili na mwembe.

Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi wa gogo la mvule, mti wa Ugoma, ng'ambo ya magharibi. Mtumbwi haukuwa wao. Waliuazima kwa Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji. Ndani walikuwamo wapiga makasia 16, mpishi, mkalimani na wenyeji wawili wa Ujiji waliokuwa viongozi. Safari ilichukua siku 28 kwenda na kurudi. Mchana waliambaa na ufuko wa mashariki kuelekea kaskazini, wakipita chini ya milima ambayo leo ni Hifadhi ya Gombe. Jioni waliuvuta mtumbwi mchangani, wakapiga hema, wakapika. Kila rasi na kila mdomo wa mto ulikuwa na jina, na majina hayo yalitoka vinywani mwa wenyeji. Viongozi ndio waliojua mahali pa kulala, mahali pa kulipa hongo (neno ambalo zama hizo lilimaanisha ushuru wa njia, si rushwa), na mahali pa kupita mbali bila kutua. Vijana wetu wanaoongoza wageni ziwani hivi leo wanafanya kazi yenye asili ndefu kuliko wanavyodhani.

Wasafiri hao walikuwa na swali moja: je, mto Rusizi, ulioko ncha ya kaskazini, huingia ziwani au hutoka? Kama ungekuwa unatoka, huenda Tanganyika lingekuwa chanzo cha Nile, jambo lililokuwa likiwagombanisha wataalamu wa Ulaya. Miaka 13 kabla yake, Aprili 1858, Richard Burton na John Speke waliongozwa na Kannena, mkuu wa Kawele hapa Ujiji, hadi Uvira. Huko wana wa mtawala waliwaambia waziwazi kwamba Rusizi huingia ziwani. Wapiga makasia walikataa kwenda mbele zaidi, wageni wakarudi bila kuuona mto, na neno la wenyeji halikuhesabiwa kuwa ushahidi wa kutosha. Mwaka 1871 mtawala Ruhinga, aliyekaa karibu na mto huo, alisema yale yale. Safari hii mtumbwi ulipelekwa hadi mdomoni, na mkondo ukaonekana ukielekea ziwani.

Basi maji yanayoletwa na Rusizi, Malagarasi na vijito visivyo na idadi hutokea wapi? Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliondoka Ujiji na viongozi wenyeji, akazunguka upande wa kusini, na mwezi Mei akafika kwenye mdomo wa Lukuga, ng'ambo ya magharibi, karibu na ulipo leo mji wa Kalemie. Huo ndio mto pekee unaotoa maji ziwani. Aliukuta umezibwa na magugu yanayoelea, maji yakijipenyeza polepole.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa letu huondoka kwa kugeuka mvuke juani; yanayobaki yana mlango mmoja tu, nao ni mwembamba. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, au Lukuga ikiziba, ziwa halina budi kupanda. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona miti mitatu ya jamii ya michikichi, iliyokuwa sokoni mwaka 1871, imesimama majini kiasi cha mita 30 kutoka ukingoni. Mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea asubuhi ulikuwa umekwisha kufunikwa. Kisha, yapata mwaka 1878, kizuizi cha Lukuga kilibomoka. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban mita 10, na ufuko ukasogea mbali. Ndiyo sababu mgeni anayefika leo kwenye Kumbukumbu ya Livingstone hustaajabu kuambiwa kwamba hapo palikuwa jirani na maji.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ardhi tambarare tunayoiona kati ya mahali hapo na ziwa haikuwa nchi kavu zama za mababu wa babu zetu. Ziwa liliiacha, na ziwa laweza kuirudia bila kumwomba mtu ruhusa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wako wanaoiona kuwa ni sheria ya kuwanyima watu viwanja. Mwenye nia ya kujenga karibu na ufuko afike kwanza ofisi ya mtendaji wa kata yake kabla hajachimba msingi, na awaulize pia wazee wa mtaa maji yalifika wapi katika mvua kubwa wanazozikumbuka.