Cheni Ikichelewa, Mkulima Anaumia: Kutunza Baiskeli na Kubadili Vipuri kwa Wakati

Tumezoea kuongea mbegu, mbolea na maji. Leo tunaongea baiskeli. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameishiwa maneno. Subirini kwanza niwasimulie.

Ilikuwa Januari, wakati wa kupandikiza mpunga. Kijana mmoja wa upande wa Ubaruku alinipigia simu saa moja asubuhi. "Shikamoo bwana shamba. Kitalu changu kimeingia unjano, na vibarua wanaanza kung'oa miche saa nne. Nifanyeje?" Miche kuwa njano inaweza kuwa njaa ya naitrojeni tu. Inaweza pia kuwa kimyanga, ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na wadudu, na pia na mikono yetu wenyewe tunapong'oa miche michafu na kushika mizima. Kwa simu huwezi kujua. Nikamwambia, "Usiguse kitu, nakuja."

Nilitoka Rujewa na baiskeli. Njiani, kwenye tope, nikasimama juu ya pedeli ili nisukume vizuri. Cheni ikakatika. Nikasukuma kwa mguu hadi kwa fundi wa kwanza, akaniambia, "Kaka, hii cheni imekufa zamani. Nikikuwekea mpya itaruka, maana na friwili imeliwa." Kutafuta vipuri kukala nusu siku. Kijana alinisubiri mpaka saa sita. Vibarua wakaanza kulalamika, wengine wakataka kuondoka, na hela yao ilikuwa imeshatoka. Akaamua kuendelea.

Nilifika saa tisa. Ilikuwa kimyanga, na zaidi ya nusu ya jaruba ilikuwa imeshapandikizwa. Msimu ule jaruba lile lilimpa viroba vya kuhesabu kwa vidole. Yeye hakunilaumu. Lakini mimi najua kwamba miezi miwili kabla fundi aliniambia nibadili ile cheni, nikajibu, "Bado inasukuma."

Ndiyo maana leo nafundisha somo hili.

Baiskeli ninayotumia

Kwa mizunguko ya karibu napenda baiskeli kuliko pikipiki. Haili petroli, na inapita juu ya tuta la mfereji bila kubomoa kingo za mtu. Yangu ni ya mtumba, aina inayoitwa saiklokrosi. Huko Ulaya wanaishindania kwenye matope wakati wa baridi, na mtu akikuta kizuizi anashuka, anaibeba begani, anakimbia nayo. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, tairi zake ni nyembamba zenye meno, na fremu ina nafasi ya kupitisha tope. Kwa majaruba ya Usangu inafaa sana. Ila si ya kubebea magunia. Mzigo wa mpunga mwachie Phoenix, Avon au Hero yenye keria nzito na spoku nene.

Wengi wenu mna hizo za mzigo, na baadhi mna za gia za mtumba. Somo ni moja kwa zote. Pale zinapotofautiana nitasema.

Kwa nini cheni inakula gia

Watu husema cheni "imevutika". Ukweli ni kwamba chuma hakivutiki kama mpira. Kinachotokea ni kwamba vile vipini vidogo ndani ya kila pingili vinasagika. Vumbi la kiangazi na tope la masika vikichanganyika na oili, unapata kitu kama msasa. Kila pini inapoteza kidogo sana, lakini cheni ina pini zaidi ya mia moja, kwa hiyo jumla yake inaonekana.

Cheni ikirefuka, haikai tena sawasawa kwenye meno ya gia. Inapanda juu ya meno na kuyachonga. Meno yanaanza kulala upande mmoja na kuchongoka kama mapezi ya papa. Hapo hata ukiweka cheni mpya itaruka, kwa sababu meno yameshazoea ile mbovu. Ndiyo maana fundi wangu hakuweza kunisaidia kwa cheni peke yake.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu ninyi ni wakulima wa biashara. Tuseme cheni ni shilingi 10,000, friwili 12,000, na gia ya mbele na mikono yake 30,000. (Hizi ni namba za mfano tu, weka bei za duka lako.) Anayebadili cheni mapema, akibadili mara tatu atatumia 30,000, na gia zake bado zinafanya kazi. Anayesubiri ikatike atanunua vyote vitatu kwa mkupuo, 52,000, na siku ya kazi imepotea juu yake. Na siku hiyo huichagui wewe, cheni ndiyo inakuchagulia.

Pima kwa tepu, usipime kwa macho

Cheni zote za baiskeli hizi, iwe Phoenix au ya gia, zina nusu inchi kutoka pini moja hadi nyingine. Hiyo inakupa kipimo rahisi:

1. Chukua tepu ya fundi yenye inchi. Vuta cheni ikaze.
2. Weka sifuri ya tepu katikati ya pini moja. Hiyo ihesabu kuwa pini ya kwanza.
3. Hesabu mpaka pini ya 25. Kwenye cheni mpya itaangukia inchi 12 kamili, yaani kama milimita 305.
4. Ikipita inchi 12 kwa milimita moja na nusu, baiskeli ya gia ibadili cheni sasa. Ile ya gia moja ina cheni nene, inavumilia kidogo, lakini anza kuweka hela pembeni.
5. Ikipita kwa milimita tatu, badili cheni na ukague friwili kwa makini. Kwa kawaida nayo imeondoka.

Unaponunua cheni mpya, usipime urefu kwa kuilaza kando ya ile ya zamani. Ya zamani imeshakuwa ndefu, itakudanganya. Hesabu pingili, kisha mpya iwe na idadi ileile. Kama baiskeli yako ni ya gia, hesabu pia gia za nyuma ni ngapi na umtajie muuza duka. Cheni ya gia 7 au 8 haifanani upana na ya gia 9 au 10, na cheni nene ya Phoenix haiingii huko kabisa.

Kwa wenye gia moja: cheni nyingi hufungwa kwa klipu ndogo. Upande wa klipu uliofungwa uelekee mbele cheni inakoenda, mdomo uliowazi ubaki nyuma. Ukigeuza, kitu kidogo kikiigusa inachomoka. Halafu acha cheni ilegee kidogo, icheze kama sentimita moja katikati. Ikikaza sana inaua gololi.

Kulainisha: acha oili chafu

Nawaona wengi mnamimina oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki au pawatila. Ile oili imebeba unga wa chuma kutoka ndani ya injini. Unadhani unalainisha, kumbe unasaga.

Fanya hivi. Futa cheni kwa tambara lenye mafuta ya taa mpaka weusi upungue. Iache ikauke. Weka tone moja la oili safi kwenye kila pini, ukizungusha pedeli kinyumenyume. Subiri dakika chache, kisha futa oili yote ya nje kwa tambara kavu. Hapo ndipo wengi wanakosea. Oili inatakiwa ndani ya pini. Ya nje kazi yake ni kukamata vumbi tu, hasa ukipita kwenye mashine za kukoboa ambako vumbi la pumba linaruka.

Ukipita kwenye tope, osha siku hiyohiyo. Tope likikauka ndani ya cheni, kesho unaanza kusaga upya.

Breki na ringi

Mpira wa breki una mifereji midogo usoni. Mifereji ikifutika, badili. Usisubiri usikie chuma kinakwaruza, maana chuma hicho kinakula ringi, na ringi ni ghali kuliko mpira mara nyingi. Kila mara unapokagua, toa vijiwe vilivyojikita ndani ya mpira kwa ncha ya kisu.

Kwa baiskeli ambazo breki inabana ubavu wa ringi, pitisha ukucha juu ya ubavu huo. Ukisikia umebonyea kama kijiko, ringi inakaribia mwisho. Usiipuuze, kwa sababu ringi iliyochoka inaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Na waya wa breki ukiona uzi hata mmoja umekatika, badili waya wote. Ukumbuke pia kwamba ringi yenye maji haishiki haraka. Ukitoka kuvuka mfereji, bana breki taratibu kidogo kidogo ili ringi ikauke kabla hujafika barabara kuu kwenye malori ya Tunduma.

Tairi: soma namba ubavuni

Hapa watu wanapoteza hela. Unakwenda dukani unasema "nipe ya 28", unapewa, unafika nyumbani haiingii. Sababu ni kwamba "28" ziko za aina zaidi ya moja. Angalia ubavuni mwa tairi, utakuta namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo ya kushika:

- 635 ni ile 28 ya Phoenix na za mzigo nyingi.
- 622 ni ya baiskeli kama yangu. Wengine huiita 700.
- 590 ni baadhi ya 26 za mjini, hasa mitumba ya Japani.
- 559 ni 26 ya zile zenye tairi nene za milimani.

635 na 622 zimepishana milimita 13 tu, lakini hazibadilishani. Iandike namba yako kwenye simu kabla hujaenda Mbeya mjini, nauli yako isipotee bure.

Badili tairi ukiona nyuzi zimetokeza, au ubavu umepasuka kama udongo wa jaruba lililokauka. Ya nyuma huisha kwanza kwa sababu ndiyo inabeba mzigo. Wengi huihamishia nyuma ile ya mbele iliyochakaa nusu, na mpya wanaiweka mbele. Ni sawa, kwa sababu mbele ikipasuka ndiyo inakuangusha vibaya.

Gololi, koni na pedeli

Shika tairi, itikise kushoto na kulia. Ikicheza, habu imelegea. Zungusha polepole, ukisikia kama mchanga, gololi zinahitaji grisi mpya. Kwa wanaovuka maji ya mifereji, fungua habu baada ya masika, safisha, paka grisi, funga. Ukikuta koni ina vishimo, badili koni na gololi zote pamoja. Gololi mpya juu ya koni mbovu hazidumu.

Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Unaifungua kwa kuzungusha spana kama mshale wa saa. Nimeona vijana wawili wakining'inia kwenye spana wakiikaza huku wakidhani wanafungua. Na spoku ikikatika moja, ibadili wiki hiyo. Mzigo wake umehamia kwa jirani zake, nazo zitafuata.

Ratiba na daftari

Kila siku kabla ya kutoka: bonyeza tairi, bana breki zote mbili. Kila Jumamosi: futa cheni na uweke oili. Kila mwezi: pima cheni, kagua mpira wa breki, tikisa magurudumu. Mara mbili kwa mwaka, Novemba kabla ya kazi za vitalu na Mei kabla ya mavuno: ukaguzi wa vyote, na vipuri vinavyokaribia kuisha vinunuliwe mapema.

Lile daftari la shamba ulilonalo, lile la mbegu na mbolea, litengee ukurasa mmoja wa baiskeli. Andika tarehe, kipuri, bei, na sababu ya kubadili. Baada ya mwaka utajua cheni yako inadumu miezi mingapi kwenye njia zako, na hutashtukizwa. Mwenye pawatila afanye vilevile kwa mikanda na bearingi zake. Chombo cha kazi kina msimu wake kama zao.

Kazi ya nyumbani: leo jioni chukua tepu, hesabu mpaka pini ya 25, andika ulichopata. Mimi yangu nilipima asubuhi hii. Imezidi kwa milimita moja, na mpya tayari inaning'inia ukutani.

Tukutane somo lijalo, tutarudi kwenye kitalu.