MAWE YALIYO CHINI YA SHAMBA LAKO
Je, kuna makaa ya mawe huku Ruiru?



Mvua kubwa ikiisha kunyesha, nenda ukatazame mahali penye udongo mtupu, kama kando ya njia ya ng'ombe. Utaona vijiwe vimekaa juu ya vinguzo vidogo vya udongo, kila kimoja kama kofia juu ya kichwa. Maji yamechukua udongo wa pande zote, lakini ule uliofunikwa na kijiwe umesalia. Ukifahamu jambo hilo dogo, umekwisha fahamu namna vilima vyenye vichwa bapa vilivyofanyika.

Mfano mkubwa wa vilima hivyo hauko mbali nasi. Uwanda wa Yatta huanzia upande wa Thika, karibu na Ol Donyo Sabuk, ukaelekea kusini-mashariki kwa kilomita 300 hivi. Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ukifika Mtito Andei, tazama mkono wa kushoto. Utauona umenyooka kama ukuta uliopimwa kwa kamba.

BONDE LILILOGEUKA KILIMA

Miaka kama milioni 13 iliyopita lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto wa chini ya ardhi, ilitoka nje ikafuata bonde la mto wa kale. Ilikuwa kama uji mzito uliomiminwa katika mfereji. Ilijaza bonde, ikapoa, ikawa jiwe gumu.

Wakati ule kingo za bonde zilikuwa juu, na lava ilikuwa chini. Lakini mawe ya kingo hayakuweza kushindana na mvua kama lava. Mwaka kwa mwaka yaliliwa na maji, hata lava ikabaki peke yake juu. Bonde likageuka kilima, na vilima vya kando vikageuka bonde.

KOFIA HAISEMI KILICHO CHINI

Huko Marekani, katika mpaka wa Colorado na New Mexico, kuna mlima bapa uitwao Raton Mesa. Nao una kofia ya lava. Chini ya kofia hiyo kuna tabaka za mchanga na matope ya kale yaliyogeuka mawe, na katikati yake mna makaa ya mawe. Zamani palikuwa na vinamasi. Miti na majani yalianguka majini, yakafukiwa na matope, yakagandamizwa muda mrefu mpaka yakawa makaa. Katika kuta za makorongo ya nchi ile tepe nyeusi za makaa zilionekana wazi, na wachimbaji walizifuata ndani ya mlima.

Basi watu huuliza: na sisi tukichimba chini ya lava yetu, je, hatutapata makaa? Jibu ni kwamba kofia ni moja, lakini kichwa ni kingine. Chini ya lava ya Yatta kuna mawe ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, yaliyopikwa kwa joto na kugandamizwa kilindini mwa ardhi. Mawe ya namna hiyo si mahali pa kutafutia makaa.

Huku Ruiru na Juja tunaona lava na majivu ya volkano, tabaka juu ya tabaka. Mawe ya kujengea yanayokatwa Ndarugu ni majivu ya volkano yaliyoshikamana. Ukiona utepe mweusi katika ukuta wa korongo, usidhani ni makaa. Huenda ni lava, au udongo wa zamani uliofunikwa.

Makaa ya Afrika Mashariki hupatikana mahali palipojaa mchanga na matope ya kale, kama Mchuchuma na Ngaka kusini mwa Tanzania. Katika bonde la Mui, wilayani Kitui zamani, sasa kaunti ya Kitui, visima vya majaribio vilichimbwa na makaa yakaonekana.

AKIJA MTU NA HABARI ZA MAKAA

Huenda akaja mtu shambani kwako, aokote jiwe jeusi, akuambie umekalia mali, kisha aombe fedha za "kupima". Usitoe fedha. Fanya hivi kwanza:

1. Lipime kwa mkono. Makaa ni mepesi. Lava ni nzito.
2. Lisugue kwa kidole. Makaa huchafua mkono kwa weusi.
3. Ligonge kwa nyundo. Makaa huvunjika upesi. Lava ya Yatta hulia kama chuma.

Usitie jiwe lenye maji motoni ili kulijaribu, kwa maana laweza kupasuka na kuumiza watu.

Tena mwulize mgeni huyo leseni yake. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri, na hakuna ruhusa ya kuyatafuta bila leseni ya Serikali. Asiye na leseni, mwonyeshe njia.

MALI ULIYO NAYO

Je, lava haina faida? Faida ipo, nayo unailima. Lava iliyooza katika miteremko imekuwa udongo mwekundu wenye kina, usiotuamisha maji, nao ndio upendwao na kahawa. Penye tambarare maji hayapati njia, na hapo hukaa udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Usipande kahawa hapo.

Maji nayo hukaa katika nyufa za lava, na zaidi katika tabaka za majivu na matope ya ziwa la kale zilizo chini yake. Kwa hiyo kisima kirefu hutaka mtaalamu wa kupima, pamoja na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mwisho, kumbuka kile kijiwe na nguzo yake. Palipo na kofia, udongo hukaa. Pasipo na kofia, huenda mtoni. Kofia ya shamba lako ni nyasi na matandazo. Livike shamba lako kabla ya mvua.