Kumfundisha Mwanachuo Kudai Haki Yake Kazini

Walimu wenzetu wa vyuo, tumezoea kumpima mwanachuo kwa andalio la somo, kwa zana alizozitengeneza na kwa namna anavyosimama mbele ya darasa. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo, baadhi ya vijana tunaowaaga hapa Morogoro watapanda milima ya Uluguru, Mgeta, Kinole, Matombo au Kolero, na huko jambo la kwanza litakalowapima huenda lisiwe somo la hesabu. Huenda likawa posho ya kujikimu isiyolipwa, jina lililokosewa katika orodha ya mishahara, au zamu ya wiki nne mfululizo iliyokataliwa na kila mwalimu mwingine. Makala haya yanaeleza namna tunavyolifundisha jambo hilo, yaani kujisemea kazini, kwa vipindi vitatu vya stadi za mawasiliano.

Wako wanaodhani kwamba mambo haya mwalimu atayajua mwenyewe akishafika kazini. Sisi hatuoni hivyo. Mwalimu mgeni asiyejua kudai hubakiwa na njia mbili. Ama hunyamaza hadi uchungu uiharibu kazi yake, ama huteremka mjini kufuatilia haki yake pasipo ruhusa. Hii ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu katika utumishi wa umma kutokuwapo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Na wakati wa masika, siku 5 ni chache kwa mtu anayetoka mlimani: siku moja ya kuteremka, mbili za kumngojea mhasibu, moja ya kupanda, na gari likikwama katika tope hesabu imekwisha. Hapo mdai amegeuka mshtakiwa, na dai lake la halali limefunikwa na shtaka.

Ipo pia sababu itokayo katika malezi. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na jambo zito la shamba au la ndoa hubebwa na mjomba au wazee wa ukoo. Kijana hukaa pembeni akasikiliza. Makabila mengine nayo yana mshenga na wasemaji wao. Huo ni utaratibu wa busara, wala hatukusudii kuubeza. Lakini ofisini mjomba hayupo. Kijana aliyelelewa kusemewa anapotakiwa kusema kwa kinywa chake huona anakosa adabu, na wasichana huliona hilo zaidi. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ijenge akili ya kudadisi na imani ya mtu kwamba yeye ni huru na sawa na wenziwe. Hatuoni jinsi mwalimu atakavyoijenga imani hiyo kwa watoto ikiwa yeye mwenyewe anatetemeka mlangoni kwa Mwalimu Mkuu.

Kipindi cha kwanza tunakianza na maneno. Tunaandika ubaoni: ombi, dai, lalamiko. Ombi ni kwa jambo ambalo mwenye kulitoa anaweza kulikataa, kama vile kuhamia shule iliyo karibu na mwenzi wako. Dai ni kwa jambo unalostahili tayari. Lalamiko ni kwa namna ulivyotendewa. Kisha tunawagawia sentensi wazipange. Wengi, kwa heshima, huandika "naomba kwa unyenyekevu mkubwa unisaidie" hata kwa nauli wanayostahili kulipwa. Tunawaonyesha kwamba heshima hukaa katika salamu, katika cheo cha mtu na katika utulivu wa lugha. Haiwalazimu kuligeuza dai kuwa ombi. Sentensi "nakukumbusha kwa heshima kwamba sijalipwa nauli ya tarehe fulani" haimvunjii mtu heshima.

Ili waone maana ya hoja, tunachukua mfano katika historia ya milima hiyo hiyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima walikuwa na sababu zao: kuchimba kulifukua udongo wa chini usio na rutuba, na mazao hayakulingana na jasho. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka huko Matombo, askari wakafyatua risasi, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Tunawauliza wanachuo: ni sababu zipi za wakulima zingeweza kuthibitishwa kwa kipimo, na nani alipaswa kuzisikia mapema? Majadiliano haya huchukua karibu nusu ya kipindi, nasi hatuyakatizi.

Kipindi cha pili ni cha barua. Hapa tunakuwa wakali. Barua ya dai iwe na jambo moja tu. Ipitie kwa Mwalimu Mkuu, ndiyo maana ya zile herufi K.K., lakini ielekezwe kwa mwenye uwezo wa kulipa, na kwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huyo ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, hushughulikia mambo ya vyeo na nidhamu. Kuipelekea dai la nauli ni kupoteza miezi. Itaje tarehe, kiasi na vielelezo. Hasira ibaki nyumbani. Mwisho, nakala ibaki mkononi mwa mwandishi ikiwa na saini ya aliyeipokea na tarehe. Barua isiyo na saini ya mpokeaji ni sawa na isiyopelekwa.

Kwa watakaoajiriwa na shule binafsi tunaongeza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Wajue kwamba likizo ya mwaka ni siku 28, na likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wajue pia kwamba anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na migogoro mingine siku 60. Mwanachuo mmoja alituuliza, "Je, nikimsubiri meneja kwa adabu hadi muhula uishe?" Darasa lilicheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi yetu.

Kipindi cha tatu ni igizo. Mmoja huwa Mwalimu Mkuu, mwingine mwalimu mgeni aliyepewa zamu ya nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Nimekuja kuhusu ratiba ya zamu. Hii ni wiki ya nne mfululizo, na madaftari ya darasa la sita sijayasahihisha. Ninapendekeza tuzungushe kwa majina yaliyo ukutani."

"Wewe bado kijana, huna familia. Wenzako wana watoto."

Hapo ndipo wengi hukwama. Huomba radhi na kutoka. Tunalisimamisha igizo na kuliuliza darasa atajibu nini. Jibu lililotupendeza mwaka huu lilitoka kwa binti wa Bunduki: "Ni kweli, Mwalimu, nami nitawasaidia wenye watoto wachanga. Je, tunaweza kuliweka katika kikao cha Ijumaa ili sote tukubaliane?" Hakukataa kazi, hakumshtaki mtu, na hakutoka mikono mitupu. Baada ya hapo wanabadilishana nafasi, kwa sababu siku moja nao watakalia kiti hicho.

Zoezi la nyumbani ni kuandika barua ya dai, kuipeleka katika ofisi ya chuo na kurudi na nakala iliyopokelewa. Kipindi kinachofuata tunaanza na wale waliorudi bila saini.