Tuupime Mteremko Kabla ya Masika

Mtu asimamaye Mlalo, katika milima ya Usambara, wakati wa masika, huona maji ya vijito yamegeuka mekundu. Maji hayo huingia mto Umba, ushukao mpaka Bahari ya Hindi, karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya. Wekundu ule ni nini? Ni shamba la mtu, linasafiri. Yafaa tujifunze kuitambua hatari hii mapema.

Wischmeier na Smith, wataalamu wa Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1978 mambo ya kupimwa: nguvu ya mvua, asili ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, mimea iifunikayo ardhi, na kazi ya mkulima ya kuzuia maji. Angalieni sana: mambo haya hayajumlishwi, bali huzidishwa. Basi moja likipungua sana, hatari yote hupungua. Kwa hiyo mlima mkali wenye msitu hupoteza udongo kidogo, na mteremko wa wastani ulioachwa uchi waweza kupoteza mwingi.

Twapimaje shambani? Kwanza, twaa fimbo ya meta 1, uilaze sawa kama uso wa maji, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu. Kisha pima toka ncha ya pili mpaka chini. Ikiwa sentimeta 30, mteremko ni 30 kwa 100. Pili, hesabu hatua ambazo maji hukimbia pasipo kizuizi. Tatu, jiulize: mvua ya kwanza italikuta shamba limefunikwa na nini? Nne, tafuta mizizi iliyofichuka. Hiyo ni shahidi wa udongo uliokwisha kwenda. Wala usidharau kidogo: udongo wa unene wa milimeta 1 katika hektari 1 ni kama tani 13.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuliponya bonde la Mlalo, ikaamuru watu wapige matuta. Wengi waliichukia kazi ile ya amri, na mwisho mpango ukaachwa. Mlima, lakini, haukuacha kumomonyoka.

Basi, ndugu, mvua hatuiwezi. Majani ya kufunika na makinga-maji twayaweza. Apimaye shamba lake mwenyewe hangoji kuamriwa. Tena mwenye shamba la juu amkumbuke jirani wa chini.